Gari la Mwalimu Athmani

Leo nimeaibika huko Mambrui. Nawaambia mwenyewe kabla hamjaletewa habari zikiwa zimetiwa chumvi.

Mnajua nimekuwa nikipiga hesabu za kile cheti cha udereva wa magari ya abiria. Ada yake inakaribia bei ya cherehani yangu. Mshahara wa dereva wa hoteli, nasikia, ni mara mbili ya ninachopata kwa kushona mwezi mzima hapa Barani. Mama Neema, jirani yetu, yuko tayari kuinunua cherehani. Mke wangu Dama hataki kusikia. "Cherehani inatulisha," aliniambia jana. "Hicho cheti utakipika na nini?"

Nikaenda kwa Mwalimu Athmani wa shule ya udereva. Alikuwa amekubali nijaribu gari mara moja bure kabla sijatoa pesa. Kuendesha najua kidogo. Shemeji alinifundisha kwa trekta la shambani.

Mvua ilikuwa imenyesha, na ukungu umetanda. Mwalimu alinisubiri ndani ya gari, kiti cha kushoto, kanzu imemfunika mpaka chini. Alikuwa amefungwa kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, kama wanavyofungwa wale ambao hawatasema tena. (Ningerudi nyumbani hapo hapo, leo ningekuwa na heshima zangu.) Nikamwamkia. Akaitikia kwa kichwa tu. Gari zima lilinukia karafuu.

"Twende wapi, mwalimu?"

Akanyoosha kidole kuelekea kaskazini.

Tukavuka daraja la Sabaki. Mto haukuonekana, ulisikika tu. Ng'ambo hapakuwa na mtu njiani, ni upepo kwenye mivinje. Nikaanza kujiona dereva. Nikamwuliza mwalimu hoteli zinalipa kiasi gani hasa. Ndipo pedali ya klachi ilipozama yenyewe chini ya mguu wangu.

Sikuikanyaga. Iliuacha mguu wangu ikashuka, kama inayovutwa na mtu aliyejilaza chini ya gari. Breki nayo ikashuka. Punda akatokeza kwenye ukungu, akakatiza mbele yetu, akapotea. Pedali zikapanda tena. Nikamtazama mwalimu. Macho yake yalikuwa mbele, hapepesi.

"Mwalimu, gari hili lina nini?"

Akaguna.

Kwenye kona, tena. Safari hii niliinua miguu yote miwili nikaikunja kitini, nikazitazama zikishuka na kupanda polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Mwalimu akanitolea macho. Nikajua naye ameona.

Nimesikia tangu utotoni kwamba vitu vya namna hii havitaki ubishi, vinataka adabu. Basi nikainama chini ya usukani nikasema taratibu, "Shikamoo. Mimi ni fundi cherehani tu, sikuja kwa ubaya."

Pedali ya breki ikashuka mpaka mwisho. Gari likasimama kando ya makaburi.

Nikafungua mlango nikatoka mbio. Kiatu kimoja kilibaki. Nilikimbilia makaburini (msiniulize kwa nini), na mbele yangu kichwa cha mtu kikachomoza ardhini.

"Vipi, bwana?" kikaniuliza.

Nikakaa chini.

Alikuwa akichimba kaburi. Wenzake wawili walikuwa wamepumzika nyuma ya lundo la udongo. Wakanipa maji, nikawaeleza juu ya gari linaloendeshwa na asiyeonekana. Hawakucheka. Mkubwa wao, mzee wa ndevu nyeupe, alivaa makubadhi yake akasema, "Twende tukalione." Akatangulia huku akisoma dua. Mimi nikafuata nyuma na kiatu kimoja.

Tulimkuta mwalimu amesimama nje ya gari. Mzee akamwuliza kuna nini. Mwalimu alirudi kitini kwake, akaipandisha kanzu mpaka magotini. Miguuni pake palikuwa na pedali nyingine, klachi na breki. Akakanyaga zake. Zangu zikashuka.

"Magari ya kufundishia yako hivi," alisema, mkono shavuni, kila neno likimwuma. "Nilidhani unajua. Jino linaniua, ndiyo maana sisemi."

Hapo ndipo walipocheka. Mmoja alilala juu ya boneti. Mzee alijizuia, akawakumbusha wana maiti wa kuzika, kisha mabega yake mwenyewe yakaanza kutikisika.

Kurudi aliendesha mwalimu. Njiani akanijibu lile swali langu, neno hapa, neno pale. Cheti anacho. Hoteli ilimlipa vizuri, kweli, lakini wageni wakiondoka, miezi sita hivi kila mwaka, madereva huambiwa wakapumzike nyumbani mpaka waitwe. Msimu mmoja hakuitwa, ndipo akawa mwalimu. Nikapiga hesabu upya: mshahara mara mbili kwa nusu ya mwaka ni hiki hiki ninachopata, na cherehani sina.

Mama Neema nilimkuta mlangoni na pesa mkononi. Nikamwomba radhi, nikamwambia siuzi. Dama alifurahi, akanimiminia chai, akataka kujua kilichonibadilisha mawazo. Nikamweleza yote. Alisikiliza kwa makini mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Na hiyo breki ilikuitikia marahaba?"

Huyo mnayemsikia jikoni ni yeye, hajanyamaza tangu mchana. Ninyi tafadhali msianze.