Mwalimu wa Mwendo Kasi wa Chamwino

Tumsifu alikuwa amesimama nje ya hoteli moja karibu na stesheni ya Dodoma, akichokonoa meno ingawa hakuwa amekula kitu tangu jana yake, aliposikia wanaume wawili wenye tai wakibishana juu ya magari yao.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nne. Milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na magari ya mtumba ya Kijapani yalikuwa yakiingia mjini yaking'aa, mengine bado na vibandiko vya kule yalikotoka ambavyo wenyewe hawakutaka kuvibandua. Kila Jumapili baada ya ibada, watumishi wa serikali waliyaosha wenyewe kwa mikono yao, kazi ambayo nyumbani hawakuwahi kumfanyia hata mtoto.

"Hii yangu inakwenda mia na themanini," alisema wa kwanza.

"Umewahi kuifikisha?"

"Nitaifikishia wapi? Kutoka hapa hadi Mkonze kuna mashimo mangapi? Lakini imeandikwa kwenye dashibodi."

Tumsifu aliacha kuchokonoa meno. Mtu wa kawaida angesikia hapo maneno ya watu wawili wenye majivuno. Yeye alisikia mji mzima wenye magari ya mbio na usio na pa kuyakimbizia.

Mjini hapo Tumsifu alikuwa amekwisha uza mashamba ya watu, simu za mezani zisizo na waya, na mara moja nafasi ya kiti cha mbele kwenye harusi asiyoalikwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na moyo mwepesi na miguu mepesi zaidi. Kuhusu mbio za magari alijua yale tu aliyoyasikia siku mbili alizobeba maji kwa kundi la madereva waliopita Dodoma, lakini masikio yake yalikuwa mazuri, na hakuna neno lililowahi kuingia humo likapotea.

Kesho yake alikwenda kwa Mwantum, mwanamke wa Kondoa aliyekuwa na kibanda cha kupiga chapa jirani na posta. Mwantum alikuwa mtu wa maneno machache. Vidole vyake ndivyo vilivyokuwa vikizungumza, na mashine ilisikika mpaka ng'ambo ya barabara.

"Andika," alisema Tumsifu, akitembea huku na huku kama waziri. "Chama cha Waendesha Magari ya Mwendo Kasi, Kanda ya Kati. Siku ya Mafunzo ya Uwanjani. Njoo na gari lako mwenyewe."

"Uwanjani wapi?"

"Kile kiwanja cha ndege kilichoachwa na wakandarasi wa barabara, ukishapita Chamwino. Lami yake bado nzima. Andika masharti sasa. Dereva akague breki, mafuta ya breki na upepo wa matairi kabla hajatoka nyumbani. Avae helmeti, hata ya pikipiki. Hakuna kupita gari la mwenzako kwenye kona. Gari lisisimame mpaka mwalimu apige filimbi."

Mwantum alipiga. Jambo la kushangaza ni kwamba yote yalikuwa kweli. Tumsifu alikuwa tapeli, lakini somo lake halikuwa la utapeli.

"Sharti la nane," aliendelea, na hapo sauti yake ikalainika. "Kila kitu kinachocheza ndani ya gari ni hatari. Kwa hiyo kabla ya kuingia uwanjani, dereva atoe spea tairi, jeki, vifaa, redio kaseti, mazulia na vyote vya mfukoni, avikabidhi kwenye gari la usalama."

Vidole vya Mwantum vilisimama kidogo. Kisha vikaendelea.

"Una gari la usalama?" aliuliza.

"Natafuta pikapu."

"Kaka yangu Halfani anayo. Anabebea mahindi Kibaigwa."

Halfani alikuwa mtu mpole, mwenye kofia ya kitambaa na tabia ya kutazama chini anaposemeshwa. Tumsifu alimweleza mpango mbele ya chai. Magari yakishaanza kuzunguka, yeye Tumsifu atanyemelea na kuingia kwenye pikapu, nao wataondoka kwenda Kibaigwa, ambako madereva wa malori hununua spea za Kijapani bila kuuliza zimetoka wapi. Filimbi itakuwa mfukoni mwake Tumsifu. Wale waungwana watazunguka mpaka petroli iishe.

"Umenielewa, ndugu yangu?"

"Nimeelewa," alisema Halfani. "Inshallah."

Fomu zilisambaa maofisini. Mwantum alizitoa nakala, Tumsifu akaziwekea saini zote bila kusoma, maana si alizisema mwenyewe? Kulikuwa na ada ya kujiandikisha. Mmoja alipouliza fedha zinakwenda wapi, Tumsifu alimjibu mbele ya watu wote kwamba zimeshapelekwa Dar es Salaam kwenye bima, hakuna hata senti iliyobaki Dodoma. Zilikuwa ndani ya mkoba wake wa ngozi, chini ya kwapa.

Jumamosi asubuhi yalifika magari kumi na moja. Wa kwanza alikuwa Mzee Eliakimu, mkaguzi wa hesabu aliyebakiza miezi minne astaafu, na Corolla yake nyeupe aliyoifunika kwa shuka njia nzima isipokuwa kioo cha mbele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nimesoma masharti mara tatu. Ni masharti mazuri sana. Kama wizara ingekuwa na masharti kama haya."

Tumsifu alisikia kitu kigeni kifuani. Baadaye alitambua kwamba ilikuwa heshima, ila kwa kuwa hakuwa ameizoea, alidhani ni njaa.

Alianza somo. Aliwasimamisha kwenye vumbi, akawaeleza mzunguko wa kwanza uwe wa polepole, wa kupasha moto matairi na kujua njia. Akawaonyesha mapipa aliyoyapanga kwenye kona. Akawaambia breki hukanyagwa gari likiwa bado limenyooka, siyo ukiwa katikati ya kona ukimwita Mungu. Macho yatazame mbali, mahali unapotaka gari liende, wala yasitazame pipa, kwa sababu ukilitazama pipa utakwenda kwenye pipa. Wanaume wazima wenye vitambi waliandika kwenye madaftari. Mwanamama mmoja wa idara ya mipango aliuliza swali kuhusu gia ya tatu, naye akajibiwa vizuri kiasi kwamba watu walipiga makofi.

Kisha likafika sharti la nane. Spea zikatoka. Redio zikatoka zikining'inia nyaya. Mtu mmoja akatoa hata kitanda cha mtoto. Mwantum alikaa kwenye meza ndogo akiandika kila kitu na jina la mwenyewe, na Halfani akapakia bila haraka mpaka pikapu ikakaa chini kwa nyuma.

Madereva wakawasha injini. Tumsifu akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea kwenye pikapu.

"Mwalimu!" aliita Mzee Eliakimu akiwa ndani ya helmeti iliyombana mashavu. "Naomba ukae na mimi mzunguko wa kwanza. Mimi mkono wangu mzito. Nimeendesha gari la ofisi miaka ishirini nikiwa nimekaa nyuma."

Alipaswa kukataa. Alijua kabisa kwamba alipaswa kukataa. Lakini watu wote walikuwa wakimtazama, na kile kitu kigeni kifuani kilimsukuma. Mzunguko mmoja tu, alijiambia. Halfani atasubiri.

"Sawa, mzee."

"Sharti la nane, mwalimu," alisema Mzee Eliakimu kwa upole. "Na wewe."

Mwantum alikuwa amekwisha simama pembeni ya gari, mkono wake umenyooshwa. "Mkoba una nini, niandike?"

Tumsifu alitazama nyuso kumi na moja ndani ya helmeti.

"Vyeti," alisema.

"Vyeti," alirudia Mwantum, akaandika. "Na vya mfukoni."

Akatoa leso, kijiti cha meno na filimbi. Vyote vikaingia kwenye mkoba, mkoba ukaingia kwenye pikapu.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa polepole, kama alivyofundisha. Wa pili Mzee Eliakimu alibana breki mapema mno, akaomba radhi. Wa tatu alipita kona ya mbali akiwa ametazama mbele, mikono imetulia, na Corolla ikazunguka kama imeshikwa na kamba. Mzee akacheka kwa sauti kama kijana.

"Umeona, mwalimu? Umeona!"

"Nimeona, mzee. Vizuri sana." Na alimaanisha.

Ndipo alipoiona pikapu ikitoka kwenye kiwanja. Hilo halikumtisha. Kilichomtisha ni kwamba ilipofika barabara kuu, badala ya kukata kulia kwenda Kibaigwa, ilikata kushoto, ikaelekea Dodoma mjini, taratibu, ikiwa imewasha taa ya kuashiria kona.

"Simama!" alipiga kelele. "Mzee, simama!"

"Filimbi haijapigwa," alisema Mzee Eliakimu, akiongeza gia.

"Mimi ndiye mwenye filimbi!"

"Basi piga."

Magari kumi na moja yalizunguka. Yalizunguka mpaka jua likakaa utosini, na wenyewe baadaye walisema hawajawahi kufurahi hivyo tangu wamalize shule. Yalisimama moja baada ya jingine, petroli ilipobaki ya kurudia nyumbani tu. Watu walishuka wakiwa wameloa jasho, wakikumbatiana. Kisha mmoja akatazama mahali ilipokuwa pikapu.

Mmoja baada ya mwingine wakamgeukia mwalimu. Tumsifu alipima umbali hadi kwenye vichaka.

"Vitu vyenu viko uani kwangu, karibu na posta," alisema Mwantum, akikunja meza yake. "Sharti la tisa: vifaa vitahifadhiwa ofisini kwa mpiga chapa, mwenyewe atachukua kwa saini. Mwalimu mwenyewe ameweka saini hapo chini."

Tumsifu aliinyakua fomu. Sharti la tisa lilikuwepo, limepigwa vizuri, bila kosa hata moja. Yeye alikuwa ameishia la nane. Chini yake lilikuwepo la kumi, ambalo lilisema kwamba mali ya mwalimu itakayokutwa kwenye gari la usalama itafidia uchapaji, usafiri na ulinzi.

"Mkoba wangu," alisema kwa sauti ndogo.

"Wa vyeti?" aliuliza Mwantum. "Au ulikuwa na kitu kingine, mwalimu? Sema, watu wote wanasikia."

Watu wote walikuwa wakisikia. Na watu wote walikuwa wameambiwa kwamba ada iko Dar es Salaam.

"Vyeti tu," alisema Tumsifu.

Wakampigia makofi. Wakamchagua katibu wa chama hapo hapo, kwa kunyoosha mikono, nafasi isiyo na mshahara.

Alirudi mjini na Mzee Eliakimu, kwa kuwa hakuwa na nauli. Njia nzima mzee alikuwa akitabasamu peke yake. Walipokaribia Dodoma alisogeza gari pembeni ya barabara, akavua helmeti, akajifuta jasho.

"Mikono inatetemeka kwa furaha," alisema. "Hebu mwalimu nimalizie wewe."

Walibadilishana viti. Tumsifu alikaa kwenye usukani, akafunga mkanda, akarekebisha kioo. Alitazama mbali, mahali alipotaka gari liende. Kisha akatazama miguuni, kwa muda mrefu.

"Mzee," alisema hatimaye. "Klachi ni ipi?"

"Ya kushoto," alisema Mzee Eliakimu, bila kushtuka. "Ndivyo tulivyodhani. Kanyaga mpaka chini, mwanangu, halafu uweke gia ya kwanza."