Tume ya Kuchunguza Haki Hutoka kwa Nani

Inatangazwa kwa wanafunzi, wazazi na umma wote wa Tonga kwamba swali la haki za binadamu hutoka wapi, lililowasumbua wataalamu wa dunia kwa karne nyingi, lilipata jibu shuleni kwetu siku ya Jumatano, kati ya kipindi cha hesabu na chai.

Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa tume. Niliteuliwa kwa sababu nina mwandiko mzuri, na kwa sababu Mwalimu Mkuu, Bwana Siosaia, hupenda kujua niko wapi.

Chanzo cha tume kilikuwa lu. Kila Jumapili kabla ya ibada, mama yake Penisimani wa kidato cha pili huja kwa miguu na kikapu. Ndani kuna majimbi na lu moja: nyama ya kopo na tui la nazi, vimefungwa kwa majani ya majimbi na kuokwa kwenye tanuri la shimoni tangu alfajiri. Siku nyingine zote sisi wa bweni tunakula muhogo na chumvi, na chumvi si ya kila siku.

Kikapu hicho, kama vya wazazi wengine, hupitia kwanza Ofisi ya Ukaguzi wa Vyakula, yaani meza ya Mwalimu Mkuu nje ya kanisa. Ukaguzi hufanywa kwa uma. Kwa Jumapili tano mfululizo lu ya Penisimani ilikaguliwa ikaisha, akakabidhiwa kikapu. Akaandika barua: "Naomba haki yangu ya kula alichonipikia mama."

Tume ikaketi. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Mkuu. Mjumbe alikuwa Kitione, kiranja mkuu.

"Hii haki," mwenyekiti akauliza, "umepewa na nani?"

"Sijui, Mwalimu. Nimezaliwa nayo."

"Umezaliwa na lu?"

Kitione akacheka kwa niaba ya tume.

"Sikiliza, kijana. Kama haki zinatoka kwa watu, hapa shuleni mtu mwenyewe ni mimi, na sikumbuki kukupa. Kama zinatoka kwa Mungu, umekosea anwani. Chagua dirisha."

Penisimani akanitazama. Nikamnong'oneza, "Wee, sema Mungu."

"Mungu, Mwalimu."

Mwenyekiti alifurahi sana. Akaniamuru niandike azimio: haki hutoka kwa Mungu, malalamiko yote yapelekwe kwake kwa sala, na mtu yeyote wa shule hii asiingilie sala hiyo. Kwa kuwa nafasi ilibaki kwenye karatasi, nikaongeza: "Katika ibada ya Jumapili, baada ya wimbo wa pili, kwa sauti ya kusikika." Akatia saini bila kusoma. Chai ilikuwa inapoa.

Jumapili kanisa lilijaa wazazi. Mstari wa mbele aliketi Bi Meleseini, dada mkubwa wa Mwalimu Mkuu, na mkeka wake wa kiunoni wa siku za heshima. Kwetu mwanamume anaweza kuwa mkuu wa shule au wa jeshi, lakini mkuu wake yeye ni dada yake. Bi Meleseini alikuwa akiishi kwa kaka yake tangu mwezi uliopita, na alimwambia kila mtu kwamba kaka yake hagusi chakula cha mchana cha Jumapili. Anafunga, kutuombea mitihani.

Baada ya wimbo wa pili Penisimani akasimama. Tukafumba macho.

"Ee Bwana, wewe uliiona lu ya Jumapili ya kwanza. Mama alitia kopo zima. Mwalimu Mkuu akaila kwa uma. Ya pili akaacha uma, akatumia mkono."

"Amina," mama mmoja akasema nyuma.

"Ya tatu akampa Kitione majani alambe. Msamehe Kitione, Bwana. Mwaka jana ya kwake nayo ilikaguliwa."

Nilifumbua jicho moja, kwa ajili ya kumbukumbu za kikao. Mwalimu Mkuu alikuwa ameinuka nusu.

"Kaa, Siosaia," mchungaji akasema, macho kayafumba. "Mtoto anaongea na Mungu."

Baada ya Penisimani walisali wanafunzi wengine ishirini na watatu.

Nje, Bi Meleseini alikuwa tayari amesimama kwenye meza ya ukaguzi.

"Siosaia."

"Naam, dada."

"Leo pia umefunga?"

Mwalimu Mkuu akautia uma mfukoni.

"Basi endelea kufunga."

Akamrudishia Penisimani kikapu chake. Penisimani akafungua lu palepale na kumkatia Bi Meleseini kipande cha kwanza. Wenzetu wakachukua vikapu vyao, wakavifungua. Harufu ya nazi ikatanda uani.

Mwalimu Mkuu akanisogelea. "Katibu," akasema kwa sauti ya chini, "hivi mimi sina haki ya kula mchana?"

Nikafungua faili. "Unayo, Mwalimu. Umepewa na nani?"

Akamtazama dada yake, aliyekuwa akilamba vidole. Kisha, taratibu, akafumba macho.

Sikumwingilia. Azimio haliruhusu.