Sifuri Niliyoiongeza

Jumatatu, 5 Mei 2025

Uhakiki unakuja! Nimeambiwa dukani kwa Twalha. Nikachukua sabuni na kuondoka bila kungoja chenji. Afisa kilimo mpya, Bertha, anapita vijiji vyote vya kata yetu ya Lionja kuhakiki idadi ya mikorosho kwenye daftari la wakulima.

Hapa naandika ukweli, maana hapa hakuna msomaji. Nina mikorosho arobaini na mitatu. Kwenye daftari ni mia nne na thelathini. Salfa ya ruzuku, ile dawa ya unga, hugawiwa kwa idadi ya mikorosho, na siku ya kujiandikisha kalamu ilikuwa mkononi mwangu na karani alikuwa anapiga chafya. Sifuri moja tu. Tangu hapo napulizia mikorosho yangu, na salfa inayobaki inapanda bodaboda kwenda Mbekenyera kwa shemeji yangu Abubakary, ambako haikosi wanunuzi.

Twalha anasema atakayebainika kudanganya atafutwa. Nimeuliza, afutwe nini? Jina. Jina likifutwa, namba ya mkulima imekwenda. Bila namba, chama cha ushirika hakipokei korosho zako, na bila chama hakuna mnada. Watabaki wanunuzi wa kangomba, wale wanaokupimia kwa bakuli nyuma ya nyumba na kutaka uwashukuru.

Sijala. Mke wangu Mwantumu ameuliza naumwa nini. Nimesema malaria.

Jumatano, 7 Mei

Mpango wa kwanza. Shamba la binamu yangu Ismaily linapakana na langu, na yeye ana mikorosho mia tano ya kweli. Nilimweleza kwa upole kwamba mpaka wetu ni mstari wa minyaa tu, na minyaa inahamishika. Siku moja. Uhakiki ukipita, inarudi.

Kosa! Ismaily ni mtoto wa shangazi, na kwetu binamu ni mtani. Ukimpa siri anaifanya ngoma. Alicheka mpaka akakaa chini. Akauliza kama na mkewe naye nitamwazima siku moja, apikie wahakiki. Halafu akanipa habari mbaya zaidi: afisa hatahesabu miti. Majina yatasomwa mkutanoni Ijumaa mbele ya kijiji kizima, na mwenye pingamizi atanyoosha mkono.

Bora wangetumia satelaiti. Satelaiti haina shangazi.

Ijumaa, 9 Mei

Mkutano baada ya sala. Nilikaa nyuma kabisa, kichwa chini.

"Hemedy Abdalah. Mia nne na thelathini."

Nilingoja mkono wa kwanza. Nilisikia moyo wangu, na nadhani jirani yangu naye aliusikia. Ismaily akakohoa. Akakohoa tu! Mara jina lake likafuata: elfu moja na mia mbili. Nikainua kichwa. Alikuwa anatazama mawingu. Akaja Bibi Mwamina, ambaye analima muhogo na ana mikorosho mitano uani: mia tatu na hamsini. Jina baada ya jina. Hakuna mkono ulionyooka, kwa sababu kila mkono ulikuwa umeficha kitu chake.

Bertha akajumlisha kwenye simu. Akasema kwa hesabu hii kijiji chetu kinaanzia ofisini hapa na kuishia Msumbiji. Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Kisha akasoma utaratibu mpya wa chama. Msimu huu kila mkorosho ulioandikwa unatarajiwa kutoa kilo kumi. Atakayeleta pungufu ataulizwa zilizobaki amezipeleka wapi, na atahesabiwa kuwa ameuza kangomba. Atafutwa.

Kilo elfu nne na mia tatu! Mwaka jana nilipeleka mia tatu na tisini, na mgongo uliniuma wiki nzima.

Hakuna aliyecheka tena.

Jumamosi, 10 Mei

Nimegundua jambo, naliandika lisije likapotea. Daftari likisema mwenye mingi apewe, kijiji kizima kina mingi. Daftari likisema mwenye mingi adaiwe, wote tunakuwa maskini kabla ya magharibi. Na mikorosho yenyewe haijasogea hata hatua moja.

Nimekwenda Mbekenyera kwa bodaboda kuonana na shemeji Abubakary. Aliwahi kuwa karani, ana akili ya karatasi. Anasema ipo fomu ya kupunguza mikorosho, na anazo nakala mbili (sikuuliza kwa nini). Ina visanduku vitatu vya sababu: imekufa kwa ugonjwa, imekatwa, imeungua. Hakuna kisanduku cha aliyedanganya. Nimekitafuta mpaka nyuma ya karatasi.

Ugonjwa unataka cheti cha mtaalamu. Kukata kunataka kibali. Moto hautaki chochote. Shemeji akasema, basi ungua.

Mikorosho mia tatu themanini na saba imeungua. Tarehe ya moto: 20 Aprili.

Jumatatu, 12 Mei

Fomu nimempa Bertha. Ameisoma mara mbili. Akauliza moto ulitoka wapi. Nikasema sijui. Akauliza kama nina wafugaji jirani. Nikasema yupo Gidioni. Sikudanganya: Gidioni na mkewe Minza walihamia na ng'ombe wao miaka mitatu iliyopita kutoka kanda ya ziwa, na boma lao linatazamana na shamba langu.

Akaandika neno moja. Nililisoma kichwa chini miguu juu: "Wafugaji?"

Nikaaga, nikaondoka. Njiani nilijiambia kwamba alama ya kuuliza si mashtaka.

Jumatano, 14 Mei

Imekuwa mashtaka.

Mgambo amempelekea Gidioni barua. Ijumaa afike barazani. Akipatikana na hatia, ahame na mifugo yake yote. Minza alikuja kwetu na maziwa kama kawaida. Nikajificha nyuma ya mlango. Alimwambia Mwantumu kwamba walikotoka wameuza kila kitu, na mbele hawapajui. Hakulalamika. Akaomba tu kama tunaweza kumtunzia kuku.

Alipoondoka, Mwantumu akaja kusimama mbele yangu. Akauliza, moto gani? Nikasema ule. Akauliza, upi? Nikasema nina malaria.

Akasema malaria hii inakuja kila daftari linapofunguliwa.

Alhamisi, 15 Mei

Mpango wa pili. Moto unahitaji majivu. Mchana nikaenda kwenye pori la marehemu baba na kiberiti na chupa ya mafuta ya taa. Nilitaka kuchoma kipande kidogo tu, cha kuonyesha. Nani alijua nyasi za Mei ni kaidi hivi? Mbichi! Hazikuungua. Zilitoa moshi, moshi mzito kama wa tanuri la matofali, ukaenda juu kuita watu.

Wa kwanza kufika alikuwa Gidioni. Miguu mitupu, matawi mabichi mikononi, analiita jina langu. Akanivuta nitoke kwenye moshi. Akauliza kama nimeungua. Kiberiti kilikuwa mkononi mwangu. Alikiona. Akageuka kuupiga moto kwa matawi yake. Ningelipa ili aseme kitu.

Wa pili akawa Ismaily na nusu ya kijiji nyuma yake. "Binamu! Moto wa Aprili ndio umefika leo? Ulipanda basi gani?" Kisha akawakumbusha wote kwamba Aprili nzima ilinyesha mpaka kivuko kikafunikwa na maji. "Moto wa masika," akasema, "huwashwa chini ya mwavuli."

Walicheka. Bertha alikuwepo. Yeye hakucheka.

Ijumaa, 16 Mei

Nilipanga kunyamaza. Niandike hivyo kwanza.

Mwenyekiti wetu, Mama Rukaiya, akamwita Gidioni. Akasimama, kofia mkononi. Akaulizwa ana la kusema. Akasema yeye hana, ila anaomba jirani yake Hemedy asibanwe sana leo, maana jana alimwona hayuko sawa. Minza alikaa ukutani. Miguuni pake palikuwa na masufuria yaliyofungwa kwenye shuka.

Nikasimama. Wa mbele wakageuka. Nikasema, hakuna moto, ni sifuri. Mama Rukaiya akauliza sifuri gani tena. Nikasema yote. Hata ya karani kupiga chafya.

Kelele! Wenye mia mbili za uongo walipiga kelele, wenye mia nne wakazidisha. Bibi Mwamina wa mikorosho mitano aliniita mwizi wa salfa. Gidioni akaambiwa aende, hana kosa. Kisha Mama Rukaiya akamwamuru Bertha anifute.

Bertha akafungua daftari. Akasema, sawa mama, lakini akianza kufuta idadi za uongo itabidi aanze ukurasa wa kwanza. Baraza linaafiki?

Watu wote wakaangalia viatu vyao. Wasio na viatu wakaangalia miguu.

Mama Rukaiya akafikiri. Hukumu yake ni hii: daftari halitapunguzwa, shamba litaongezwa, na kilo za mikorosho isiyokuwepo zitasubiri ipandwe na kuzaa. Pori la baba, ekari kumi na tano, limelala tangu afariki. Nipande mikorosho mia tatu themanini na saba. Mwakani itahesabiwa kwa kidole, na ukikosekana hata mche mmoja, jina linafutwa. "Daftari lako limetangulia," akasema, "sasa shamba lilikimbilie."

Ismaily akapiga makofi. Mama Rukaiya akamgeukia. "Na wewe wa elfu moja na mia mbili, unacheka nini? Shika jembe umfuate!"

Nje, Gidioni alikuwa ananisubiri. Nilidhani amekuja kunipiga, na nilikuwa tayari. Akasema, jirani, pori lile huliwezi peke yako, Jumanne nitaleta maksai na plau. Nilisema ahsante. Akaitikia, akavaa kofia yake.

Jumatatu, 19 Mei

Nimekwenda Nachingwea mjini kuomba miche. Ni ya bure, itagawiwa mvua zikianza. Kuna fomu.

Idadi ya miche inayohitajika. Nahitaji mia tatu themanini na saba. Lakini miche hufa. Mingine huliwa na mbuzi. Na shemeji Abubakary alishasema watu wa Mbekenyera wanatafuta miche mizuri kwa tochi. Nikaandika mia tisa.

Ekari zilizolimwa tayari. Sina hata moja, maksai ni kesho. Miche mia tisa kwenye ekari sifuri ingeleta maswali. Nikaandika thelathini na mbili.

Karani akagonga mhuri bila kusoma. Akasema tu kwamba wakaguzi wa mashimo ya kupandia wataanza kupita tarehe moja Juni, na atakayebainika kudanganya atafutwa.

Nilimshukuru nikatoka nimeshika ukuta. Njia nzima kila pikipiki iliyokuwa nyuma yangu ilikuwa ya mkaguzi. Mwantumu ameuliza nimeomba miche mingapi. Nimesema ya kutosha.

Kisha nimekaa nikapiga hesabu kwa utulivu, na moyo umeanza kutua. Juni iko mbali. Siku kumi na tatu nzima!