Mikono Mifupi, Bunduki Ndefu

Jumapili, 3 Novemba

Theluji ya kwanza. Na leo Baba ametamka maneno niliyoyasubiri tangu kiangazi! Tulikuwa mezani, Bibi anagawa pasti, ile mikate yake iliyojaa nyama na viazi. Baba akasema, bila hata kuinua macho kwenye sahani, kwamba umefika wakati Aili awe na bunduki yake. Ya kulengea makopo na karatasi tu, ya risasi ndogo. Bei isizidi ya matairi mawili ya theluji. Nikasema asante Baba, kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha nikaenda chooni nikarukaruka.

Sababu ya furaha yangu ni moja, na jina lake ni Corinne Beaudry. Klabu yetu ya shabaha ina bunduki moja tu inayotutosha mimi na yeye. Ni kuukuu, fupi, kitako kimezungushiwa utepe. Mimi huja na bisibisi, narekebisha vyuma vya kulengea kwa subira mpaka inapiga katikati. Corinne akija siku yake anavisogeza. Anasema eti jicho lake limekaa upande. Zamu yangu ikirudi, risasi zangu zinakwenda Kanada.

Jumamosi ijayo Mwalimu Doreen anachagua mtu wa mwisho wa timu itakayokwenda kushindana mjini Marquette. Nafasi ni moja. Tumebaki mimi na Corinne. Nikiwa na bunduki yangu, ambayo jicho la upande halitaigusa, nafasi ni yangu. Nimemwomba Mungu kwa adabu. Sikutaja mtu kwa jina.

Jumatatu, 4 Novemba

Tumekwenda dukani kwa Mzee Waino baada ya shule. Duka limejaa wanaume wenye vizibao vya rangi ya chungwa. Msimu wa kuwinda kulungu umekaribia na hakuna mtu mzima hata mmoja mwenye akili timamu. Mzee Waino alituona tukiwa nyuma ya foleni, akapiga kelele kwamba binti apishwe, binti anakuja kununua bunduki ya kwanza. Wanaume wote wakanipisha. Wengine walivua kofia! Nilitembea kama bibi harusi.

Akaweka mbili juu ya kaunta.

Ya kwanza: ya watoto. Kitako cha mti mweupe, unatia risasi moja, unapiga, unatia nyingine. Haina darubini. Mzee Waino akasema hii haiharibiki, haili risasi nyingi, na inamfundisha mtu kulenga badala ya kubahatisha.

Ya pili: ndefu, nyeusi, ya watu wazima, na juu yake DARUBINI. Bei imeshushwa kwa sababu boksi lilipondeka. Bei zinakaribiana kabisa. Nani mwenye akili achukue ya mti mweupe?

Baba ndiye huyo. Anao mtihani wake, aliopewa na baba yake. Unakunja mkono, unaweka kitako kwenye mkunjo wa kiwiko, bunduki inalala juu ya mkono. Kidole kikifika vizuri kwenye kifyatulio, bunduki ni yako. Ya mti mweupe: kidole kilifika bila shida. Nyeusi: kidole kiliishia njiani, kikawa kinapunga hewa. Baba akasema hiyo si yangu, ni ya dada yangu mkubwa. Nikamkumbusha kwamba sina dada mkubwa. Akasema basi ndiyo hivyo.

Na nani alikuwa nyuma yetu akinunua soksi? Corinne, anatafuna ubani. Akasema, “Profesa, chukua tu hiyo ndefu. Ukiichoka utaanikia nguo.” Wanaume wenye vizibao wakacheka. Nilikuwa na jibu zuri sana, lakini limenijia sasa hivi kitandani.

Nimemwomba Baba tufikirie mpaka Jumatano. Baba anapenda watu wanaofikiri. Akakubali.

Jumanne, 5 Novemba

Tatizo liko wazi. Bunduki si ndefu. Mikono ni mifupi. Mikono inaweza kurekebishwa.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema mtaka cha darini afanye nini. Nimeingia kwenye sauna, kile kibanda chetu cha mvuke uani, nikashika boriti ya juu, nikaning'inia. Nilining'inia mpaka vidole vikafa ganzi. Nikashuka, nikapima kwa fagio badala ya bunduki. Hakuna mabadiliko. Nikaning'inia tena.

Bibi akaingia na kuni. Alinitazama kutoka vidole vya mikono mpaka vya miguu. Akauliza ni ugonjwa au ni shule. Nikamweleza, kwa heshima, kwamba narefusha mikono. Akasema yeye amekamua ng'ombe tangu utotoni, amevuta chuchu na amevutwa na ng'ombe, na mikono yake haijarefuka hata kidogo. Kisha akasema, “Hata popo huning'inia kichwa chini, mjukuu wangu. Wewe hata upopo umekushinda.” Akacheka peke yake mpaka akaketi juu ya kuni.

Lakini alipokuwa akitoka alivua koti lake kwa sababu ya joto. Akawa nusu ya Bibi! Hapo ndipo akili ilipofunguka. KOTI! Jana nilipopimwa nilikuwa na koti la baridi, sweta, na sweta jingine ndani. Kitako kilikaa juu ya mlima wa nguo. Ukitoa nguo, kitako kinarudi nyuma, kidole kinafika. Hii ni sayansi. Sikubuni mimi.

Jumatano, 6 Novemba

Nimekwenda kwa Mzee Waino na shati la mikono mifupi.

Nilijua Baba ataniuliza koti liko wapi. Nilipanga kusema nimelisahau shuleni, nikajisikia vibaya, kwa hiyo nikaenda kulisahau kwa dhati kwenye kabati langu la shule kabla hajaja kunichukua. Aliponiuliza, haikuwa uongo tena. Kipasha joto cha gari letu kimeharibika tangu mwaka juzi. Tulipofika sikuweza kutamka herufi B.

Mzee Waino akauliza kama shati hilo ni la kuogelea. Akasema ziwa lipo ng'ambo ya barabara, nijihudumie. Nilikunja mkono. Nikaweka kitako. Nilibana kiwiko, nikanyoosha kidole, nikasali. Kidole KIKAFIKA! Kwa ncha, lakini ncha nayo ni kidole.

Baba akautazama mkono wangu. Vipele vilikuwa vimesimama kama vya bata mzinga aliyenyonyolewa. Kisha akanitazama mimi, jinsi anavyotazama barafu ya ziwa kabla ya kuikanyaga. Akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akauliza tena, kama nina hakika hata mwezi wa kwanza. Sikuelewa mwezi wa kwanza umeingiaje. Nikasema hata mwezi wa kwanza.

Akasaini. Ni yangu! Inalala kwenye kabati la chuma la Baba, na ufunguo uko kwenye mshipi wake. Nimekwenda kulipapasa kabati kwa nje.

Ijumaa, 8 Novemba

Baba amesema jioni twende kwenye shimo la kokoto tuijaribu, nipige makopo kadhaa nikiwa na koti, kabla ya kesho. Alilitamka neno koti polepole. Nikaogopa. Akiniona na koti, na kidole kinapunga hewa, bunduki itarudi dukani. Nikasema nina kazi ya sayansi. Baba akasema sayansi ni jambo jema, akaenda kunywa kahawa.

Badala yake nimefanya mazoezi gerejini, karibu na jiko. Baba alikagua mwenyewe kwamba haina risasi, akaketi hapo hapo akitengeneza mtego wa panya. Nilivaa shati langu jembamba. Kwenye kalenda ya benki kuna picha ya ng'ombe. Kwa darubini nilihesabu kope zake! Bunduki ya klabu haijawahi kunionyesha kope za mtu.

Mpango wa kesho: kuvua koti dakika ya mwisho, kupiga haraka, kuvaa tena. Nani atakataa?

Nimemwonea Corinne huruma kidogo. Nimeandaa maneno ya kumpoza. “Umejitahidi sana, Corinne, kwa mtu mwenye jicho la upande.” Nitayapunguza ukali kesho.

Jumamosi, 9 Novemba

Mwalimu Doreen amekataa.

Ilikuwa baridi ya kupasua midomo, na theluji inaanguka kwa ubavu. Nilivua koti. Mwalimu Doreen akapuliza filimbi uwanja mzima ukasimama. Akasema bila koti hakuna kupiga, hataki kupeleka mtoto nyumbani akiwa barafu. Nikasema mimi sisikii baridi. Meno yangu yakanisaliti.

Nikafikiri, haya, nitalivaa tena hili nililolivua, si nene sana. Lilikuwa la mvua tu, kwa sababu koti langu la baridi, lile nililolisahau kwa dhati, lililowa jana na asubuhi lilikuwa bado bichi. Mwalimu Doreen akalibinya kwa vidole viwili, akasema hilo ni karatasi. Hapo ndipo nikaona mtu anakuja kutoka kwenye magari. Bibi! Mkononi ana koti la marehemu Babu, la kuvulia samaki juu ya barafu, lenye manyoya ndani na nje. Alipiga kelele watu wote wakasikia, “We Aili! Popo wangu! Umesahau ngozi yako!”

Nikavalishwa. Nilikuwa mpana kuliko mrefu. Corinne, aliyekuwa kwenye nafasi ya kupigia iliyo kushoto kwangu na bunduki kuukuu ya klabu, akasema, “Profesa, uko humo ndani? Gonga mara moja kama unapumua.”

Nikalala chini, nikaweka kitako begani. Bega lilikuwa mbali, nyuma ya Babu. Kidole kilifika kwenye kifyatulio nikinyoosha shingo kama kobe. Na jicho likabaki mbali na darubini. Badala ya kope za ng'ombe niliona giza, na katikati ya giza mwezi mdogo kama punje ya dengu. Nikatafuta karatasi yangu kwa punje hiyo. Theluji. Theluji. Nguzo. Theluji. Karatasi! Nilishukuru. Nikashusha pumzi kama tulivyofundishwa, nikavuta pole pole. Katikati! Nikaona tundu kwa macho yangu. Ya pili, katikati! Ya tatu, katikati! Mbili za mwisho zilikwenda pembeni kwa sababu ya furaha.

Tukaenda kuangalia. Karatasi yangu ilikuwa safi kama siku ilipotoka kiwandani. Ya Corinne ilikuwa na matundu kumi.

Mwalimu Doreen akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Corinne akasema kwa unyofu kwamba zake ni zile tano zilizojikusanya kushoto, kama kawaida yake, hizo nyingine hazijui. Lakini sheria ya klabu ni ile ile tangu enzi za Babu: risasi za aina moja hazina majina. Mwenye karatasi anahesabiwa matundu matano mazuri kuliko yote. Aliyepiga karatasi ya jirani anapata sifuri.

Kwa hiyo Corinne ameingia kwenye timu kwa tatu zangu za katikati na mbili zake za kushoto.

Alinishika mkono, au nafikiri ni mkono, kupitia manyoya. Akasema hajawahi kupiga vizuri namna ile maishani mwake. Akasema nikitaka, atanipa pasti yake ya mchana. Nilitaka kukataa. Ilikuwa ya moto. Nikaichukua. Maneno yangu ya kupoza sikuyatumia.

Jumapili, 10 Novemba

Nimelia kidogo, nikamaliza.

Baba alikuja gerejini na msumeno, kipande cha mpira na penseli. Akasema alijua tangu Jumatano. Nikauliza kwa nini basi alinunua. Akasema kitako cha bunduki hukatwa, kichwa cha mtoto hakikatwi. Akasema atapunguza kitako upana wa vidole viwili, arudishe mpira mwishoni, na nitapiga vizuri hata nikivaa godoro. Na Mwalimu Doreen amempigia simu. Timu inahitaji mtu wa akiba. Ameniweka mimi, kwa sababu mtu anayeweza kupiga katikati mara tatu akiwa ndani ya koti lile hatakiwi kuachwa nyumbani.

Mtu wa akiba! Nilimkumbatia Baba mpaka penseli ikavunjika.

Kisha nikafikiri kwa utulivu, kama nilivyolelewa. Kukata bunduki nzuri namna ile? Bunduki haina kosa. Ilipiga katikati mara tatu. Karatasi tu ndiyo haikuwa yangu. Kosa lilikuwa koti, na upepo, na kupangwa karibu na Corinne. Nikamwomba Baba asubiri mpaka majira ya kuchipua, kwa sababu mikono iko njiani. Baba akatazama msumeno, akanitazama mimi, akautundika msumeno ukutani, mahali ambapo mkono wangu unafika. Sijui kwa nini pale.

Bibi amesema amepasha moto sauna kwa ajili ya familia, na anaomba popo atangulie ili asimtie mtu vidole vya miguu machoni.

Nimetangulia. Nimetoka sasa hivi. Fagio linasema hakuna kitu, lakini fagio ni kuukuu. Mkono wa kulia nauhisi kabisa umeongezeka.