Injini Aliyoifufua Mwanangu

Jumatatu, 3 Machi
Injini imekufa! Gari letu la kukodisha viti na maturubai limezimikia mbele ya nyumba, moshi kama tanuri la matofali. Lakini mimi ni mama wa fundi, nitishwe na nini? Wifi yangu alipita akatoa pole isiyo na pole, akauliza kama tutatafuta fundi wa kweli. Nikamwambia mwanangu ataifufua hapahapa uani kwa mikono yake. Mtaa mzima ulisikia. Nilihakikisha.

Jumanne, 4 Machi
Ameifungua yote. Mikono ile! Nimeizaa mimi. Kisha akaniita pembeni. Eti silinda zinataka kuchongwa, na kwenye karakana ya kuchonga kuna foleni hadi mwisho wa mwezi. Jumamosi tuna viti vya harusi. Tukikosa kufika, mteja hatarudi. Bora tuchukue injini iliyofufuliwa kiwandani, tena ina dhamana. Nikamwambia ashushe sauti. Akasema, mama, injini haichongwi kwa sifa. Ulimi wa baba yake huo!

Jumatano, 5 Machi
Nimekata shauri. Ya kiwandani ije, lakini chini ya turubai, kimya. Watu wajue ni ileile. Mwanangu alicheka hadi akakaa chini. Alipotoka, nikasugua pistoni kuukuu zikang'aa, nikagawa ushahidi: moja kwa wifi, moja kwa fundi viatu, moja kwa mwenye duka. Nikawaambia hizi zimetolewa, mwanangu anatia mpya. Wifi akaipokea kwa mikono miwili. Raha iliyoje!

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Muuzaji ameleta injini, anadai ya zamani. Kumbe ndiyo kazi yao: wanakupa iliyofufuliwa, unawapa mzoga wako na vyuma vyake vyote, wakaufufue kwa ajili ya mwingine. Akachungulia, akaona mashimo matupu. Bila pistoni anaondoka na injini yake kesho. Mwanangu akanigeukia: mama, umegawa pistoni? Nikasema nimezikopesha.

Ijumaa, 7 Machi
Nimezunguka kukusanya. Fundi viatu alikuwa ametia misumari ndani ya yake. Mwenye duka alizuilia mlango. Ya wifi ilikuwa kwenye kabati la vioo, juu ya kitambaa cha kufuma! Nikadai mwanangu anataka kuipima. Akavaa viatu, akasema ataileta mwenyewe. Tukamkuta muuzaji, mdomo wazi kama gunia, akampongeza wifi kwa injini mpya ya familia. Wifi akafunua turubai. Akasema, kumbe ufufuo wa siku hizi unakuja na risiti.

Nilitamani ardhi inimeze. Imenikataa.

Jumamosi, 8 Machi
Muuzaji alichukua pistoni zote, mwanangu akakesha akifunga, na viti vimefika harusini mapema! Gari linanguruma kama simba aliyeshiba. Hata wifi amekiri kwamba kijana amefunga injini vizuri. Maneno hayo yalinilainisha. Akataja jenereta lake lililokufa siku nyingi, mafundi wote wamelikimbia. Nikamwambia mwanangu atalifufua, tena hadharani, bila kununua hata skrubu. Nimewaambia na majirani, na shangazi zake wote, waje na viti vyao maana vyangu vimekodishwa. Mwanangu sijamwambia, amechoka, alale.

Wanakuja Jumapili ijayo.