Mbio za Ajali Sifuri

Ifahamike kwa wananchi wote wa Tabora, wa mjini na wa porini, wenye vitambi na wasio navyo: tangu mwezi wa sita, kutokwa jasho si jambo la mtu binafsi tena. Ni shughuli yenye hatari. Shughuli yenye hatari lazima iwe na ofisi, na ofisi lazima iwe na Kaimu.

Kaimu mwenyewe aliitwa Octavian, Kaimu Mratibu wa Mamlaka ya Udhibiti wa Hatari za Mazoezi, Kanda ya Magharibi. Ukaimu wake ulikuwa na umri wa miaka sita. Aliosoma nao walishakuwa wakuu wa hili na lile, lakini yeye hata baba mkwe wake alimtambulisha kanisani kwa kusema, "Na huyu ndiye kaimu mkwe wetu." Watu walicheka mpaka padri akageuka kuangalia. Usiombe yakukute.

Kwa hiyo ilipokuja taarifa kwamba Mkurugenzi Mkuu, Dokta Bernardo Kobelo, atafika Tabora kuzindua Mwongozo wa Mazoezi Salama, na kwamba mkobani mwake mna barua ya kumpandisha Octavian kuwa Mratibu kamili, imeshasainiwa, imebaki kugongwa muhuri "endapo uzinduzi utapita bila ajali hata moja," Octavian aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa, kisha akaenda chooni, akafunga mlango, akarukaruka peke yake.

Uzinduzi ungekuwa mbio za polepole kutoka mjini hadi Kwihara, njia ile ile ya wapagazi wa misafara ya zamani. Octavian aliandika kwenye andiko lake kwamba wapagazi hao "walibeba pembe za ndovu bila vifaa kinga na bila kupasha misuli." Aliandika pia kwamba utafiti wa siku moja huko Puge ulibaini wakulima wanaoinama na jembe tangu alfajiri bila mkufunzi mwenye leseni. Walipoulizwa nani anawajibika na migongo yao, walijibu, "Mvua." Jibu hilo liliingizwa kwenye jedwali.

Lakini hatari kubwa kuliko zote ilikuwa Veneranda.

Veneranda, Mmoraviani wa Sikonge, alikuwa mwalimu wa mazoezi. Kila asubuhi aliwakusanya watu wake uwanjani nyuma ya soko: akina mama wa dagaa, walimu wastaafu, na mzee Yusufali mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye goti lake lilijulikana mji mzima. Kabla ya kuanza alipita kwa kila mmoja.

"Shikamoo, mzee Yusufali. Goti limelalaje?"

"Marahaba, mwanangu. Goti limelala, mimi ndiyo sikulala."

"Basi leo huruki. Leo unatembea."

Na mzee anatembea. Miaka minne, hakuna aliyewahi kuzimia kwenye darasa lile. Mamlaka iliona takwimu hiyo inatia mashaka.

Octavian alimwita ofisini. "Dada Veneranda, nasikia maswali ya afya unayauliza kwa mdomo."

"Ndiyo, bosi."

"Mdomo mtupu?"

"Na masikio. Nasikiliza wanachojibu."

"Hapo sasa! Ipo Fomu Namba Saba. Maswali hamsini na mawili, nakala tatu."

"Bosi, mama wa dagaa akimaliza nakala ya pili, dagaa wameshaliwa na paka."

"Paka si mdau," alisema Octavian.

Veneranda akapumua. "Haya. Na mgeni rasmi je, naye atakimbia?"

"Ataongoza."

"Basi naomba nimuulize mawili matatu. Siku hiyo mkufunzi ni mimi. Mtu akidondoka, dhamana ni yangu."

Octavian alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeuliza mwezi unalipwa shilingi ngapi. "Mkurugenzi Mkuu haulizwi, dada. Fomu yake inajazwa na wasaidizi."

Na kweli ilijazwa. Ilianzia kwa dereva wake, ikapanda kwa katibu muhtasi, aliyeandika "kwa ujumla ni mzima," ikapanda kwa msaidizi, aliyefuta "kwa ujumla." Ilipofika Tabora imebaki swali moja tupu: je, mhusika ana shinikizo la damu? Pembeni dereva alikuwa ameweka alama ya kuuliza kwa penseli, ndogo kama chawa. Octavian aliikodolea macho dakika nzima. Akaiwaza barua. Akachukua raba, akamfuta yule chawa, akaandika "Hapana."

Jumamosi watu mia mbili walijipanga. Dokta Kobelo alishuka garini, pande la mtu, suti ya michezo bado ina mikunjo ya dukani, na muhuri wa Mamlaka ukining'inia shingoni kwa kamba. Ulikuwa muhuri mmoja kwa nchi nzima, na hakumwachia mtu. Octavian akatangaza kanuni ya siku: kwa heshima na usalama, hakuna kumpita mgeni rasmi.

Filimbi ikalia. Mgeni rasmi akakimbia hatua arobaini, halafu akaanza kutembea. Jamani! Nyuma yake watu mia mbili waliokatazwa kupita na kukatazwa kusimama wakabaki kurukaruka palepale kama bisi kwenye kikaango. Akina mama wa dagaa, ambao huenda Kwihara na kurudi kabla ya chai, walicheka mpaka kanga zikawavuka. Baiskeli ya mkaa ilikuja ikitaka njia. Ikazuiwa, ikavalishwa namba, ikawa mshiriki. Bata mmoja na vifaranga wake sita walimpita Mkurugenzi upande wa kushoto, na Octavian akaandika kwenye daftari: ukiukaji wa itifaki, wahusika hawakutambuliwa.

Baada ya saa mbili na nusu, nyumba za kwanza za Kwihara zikaonekana. Hapo Mkurugenzi akasimama. Jasho lilimtiririka, mkono mmoja umeshika kifua.

"Mheshimiwa amesimama kutafakari historia!" Octavian alitangaza kwa kipaza sauti. Watu wakapiga makofi.

Veneranda hakupiga makofi. Alichomoka nyuma, akawapita wote. "Shikamoo, mzee. Kifua kinabana?"

"Mara... haba. Niko fiti."

"Nipe mkono nipime mapigo."

"Dada, rudi!" Octavian alifika akihema. "Kumgusa mgeni rasmi kunahitaji kibali cha maandishi cha Mkurugenzi Mkuu."

"Mkurugenzi Mkuu si ndiye huyu!"

"Basi aandike."

Akapewa kalamu. Ikamdondoka.

Kando ya njia alikaa Bi Zamda, bibi wa Kinyamwezi anayekaanga karanga mbele ya nyumba yake. Alikuwa ameyatazama yote hayo, na uvumilivu wake ukafika mwisho. "Nyie watu wazima mnasubiri nini? Wewe baba, kwenu wapi?"

"Morogoro," alisema Mkurugenzi kwa taabu. "Mluguru."

Bi Zamda akapiga kigelegele. "Mluguru! Mtani wangu huyu!"

Hapo itifaki ilikwisha. Mnyamwezi na Mluguru wametaniana tangu misafara inapita pale. Mtani atakusema msibani kwako, atabeba kuku wako mchana kweupe, na ukinuna, aibu ni yako. Hakuna cheo kinachozuia utani, hata kilichosainiwa.

"Kaa chini, jini la mlimani wewe! Unataka kufia mlangoni kwangu nianze kukulilia? Machozi yangu nimewawekea watu!"

Mkurugenzi Mkuu akakaa chini, vumbini. Bi Zamda akamvua ile kamba shingoni, akaufunga muhuri kwenye pindo la kanga. "Hiki nimeteka. Sasa sema, unaumwa nini?"

Na yule mtu asiyeulizwa akajibu. "Presha, bibi. Dawa nimeacha, leo siku ya nne. Zinanipeleka chooni kila saa, na mgeni rasmi haondoki meza kuu kwenda chooni."

Veneranda alishamlegeza zipu, amemwegemeza kivulini, na anaita gari la mzee Yusufali lililobeba maji nyuma ya msafara. Walipompakia, Octavian alibaki njiani. Aliogopa, na safari hii hakuogopea barua, alimwogopea mtu.

Hospitali walisema amewahi. Alale wiki, ameze dawa zake, kisha aanze mazoezi kidogo kidogo chini ya mtu anayejua kazi. Nje kwenye benchi Octavian alimwambia Veneranda, "Dereva aliweka alama. Nikaifuta mimi."

"Siku nyingine usifute," alisema Veneranda, akampa nusu ya andazi lake. Octavian alilila huku machozi yanamtoka.

Taarifa rasmi ilisema: ajali sifuri, mgeni rasmi alikaa chini kwa hiari. Makao makuu yaliridhika. Ikabaki kugonga muhuri kwenye barua ya Octavian, na muhuri uko Kwihara. Mamlaka ilimwandikia Bi Zamda barua kali ya kuudai. Barua hiyo haikuwa na muhuri, kwa hiyo kisheria haikuwepo. Wakaomba kuchongewa mwingine. Ombi nalo lilitaka muhuri.

"Kilichotekwa na mtani hukombolewa na mwenyewe," Bi Zamda aliwaambia wajumbe, akiwamiminia karanga. "Aje kwa miguu yake, asianguke, nampa."

Basi Dokta Kobelo akahamia Tabora. Wiki ya kwanza alizunguka uwanja mara moja, Veneranda pembeni akimuuliza dawa, usingizi na chai. Wiki ya nne alimpita mzee Yusufali, akashangilia peke yake. Kila asubuhi Octavian alikuwa nyuma yao, amebeba maji, na ile barua ndani ya mfuko wa nailoni.

Wiki ya saba walifika Kwihara. Bi Zamda akafungua pindo la kanga. "Umekomboa, jini langu!" Mkurugenzi akaibusu ile kamba, akaitandaza barua juu ya kinu kilichofudikizwa, akagonga. Mratibu kamili! Octavian aliisoma mara tatu. Kichwa kilimwenda mbio kwa furaha, akatamani baba mkwe awe pale.

"Sasa," alisema Mkurugenzi, kapandwa na mori, "mjini tunarudi tunakimbia!"

"Hapana, mzee," alisema Veneranda, vidole viko kwenye mshipa wa mkono wake. "Mapigo yako juu. Leo inatosha, gari linakuja."

"Mimi ni Mkurugenzi Mkuu. Mratibu, mweleze huyu."

Wote wakamgeukia Octavian. Wino wa muhuri haujakauka. Akafungua mdomo kusema "Ndiyo, mheshimiwa," maneno ambayo kwa miaka sita yalitoka yenyewe kama kikohozi, akaona jasho jinsi linavyomshuka yule mzee shingoni.

"Hukimbii," alisema. "Mwalimu amekataa. Kaa chini, mzee."

Mkurugenzi Mkuu akanyoosha mkono, akaichukua ile barua. Akatoa kalamu, akaandika mbele ya neno Mratibu neno "Kaimu," akaligonga muhuri juu yake ili liwe halali.

Halafu akavuta mkeka, akanuna, akakaa chini.