Goli Nililofunga Luberizi

Ndugu zangu wa Kilibula, sitangoja muntu mwingine awaeleze vibaya: leo nimepata haya, aibu kubwa, na nimeipatia Luberizi, mbele ya watu, mbuzi na ng'ombe.

Munajua minye ndiye kocha wa ekipe yetu ya mupira. Munajua pia kwa nini mnaniita Mudenmark. Ni juu ya yule mchezaji wa Denmark ninayemsifu kila siku, aliyezunguka Ulaya akicheza mupira, na miguu ilipochoka akaizunguka tena akiwa kocha. Anaangalia kushoto, mupira unaenda kuume! Kipa anabaki kushangaa. Nimeangalia video zake mpaka mke wangu, Mama Esta, akauliza kama huyo muzungu atakuja siku moja kutulimia shamba.

Sasa, ekipe imepoteza mechi nyingi. Asubuhi, kabla hatujapanda Fuso, presida wa ekipe akaniita pembeni.

"Kocha, weye ni rafiki yangu. Lakini tukipoteza leo, natafuta kocha mwingine."

"Presida, leo hatupotezi," nikamujibu. Na sikuwa natania. Hii kazi hainilishi, lakini ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Nikachukua kulote, kaptula yangu ya zamani ya kuchezea, nikaitia mu mfuko. Huwezi kujua.

Kule Luberizi, uwanja iko kati ya mashamba ya mupunga na njia ya ng'ombe. Pembeni, Mama Furaha, mwenyeji wa pale, alikuwa anaanika mupunga wake juu ya turubai la shitingi. Alipotuona akacheka.

"Hapa kwetu, mwenye kutufungia goli, minye namupatia mupunga beseni nzima!"

"Leo utabaki nao, Mama," nikamwambia. (Mukumbuke hayo maneno.)

Mechi ikaanza. Vijana wakapambana kweli, bila bila. Kisha mshambulizi wetu, Mugisha, akaanguka akishika goti. Nikageuka kutafuta wa kumbadilisha. Wapi! Wachezaji wa akiba walikuwa wanakuja kwa moto, pikipiki ya kukodi, na moto ilikuwa imewafia njiani, Sange.

"Nitaingia minye," nikasema.

"Weye?" Presida akashtuka. "Na lile tumbo?"

"Tumbo halipigi mupira, Presida."

Nikakimbia nyuma ya nyumba ya Mama Furaha kuvaa. Kulote ikakataa kufunga. (Ilifunga vizuri tu siku za uchumba.) Nikaokota kamba ya gunia, nikavuta pumzi. Nikiwa napigana na kamba, nikasikia filimbi. Nikachungulia: kundi zima la ng'ombe linakata uwanja, wachezaji wamekaa pembeni wanakunywa maji. Nikawaza ni kama kwetu Kilibula, moto ikikata uwanja tunasimama, ikiisha kupita tunaendelea. Nikarudia kamba yangu.

Kumbe Luberizi wako na desturi yao! Ng'ombe zikikata uwanja kwenda kunywa maji, hiyo ndiyo mi-temps, mapumziko ya katikati. Zikiisha kupita, ekipe zinabadilishana magoli. Refa aliwaeleza vijana wangu wote. Minye nilikuwa nyuma ya nyumba, nimebana pumzi.

Nikaingia. Watu wakapiga makofi! Mupira ukanifikia katikati ya uwanja, taratibu kabisa. Nikageuka nao, nikaondoka.

Wa Luberizi wakasimama, mikono kiunoni. Nikasema ndani ya roho: wananiogopa. Wangu wawili wakanipisha. Nikasema: heshima hiyo! Nikakaribia goli, kelele zikazidi, "Kocha! Kocha! Kocha!" Nikafikiri wananishangilia. Kipa mwenyewe sikumwona, maana nilikuwa nimegeuza kichwa kabisa, naangalia Presida, vile Mudenmark anafanyaka. Mguu ukapiga.

Goooli! Wavu ungetoboka, kama uwanja ungekuwa na wavu.

Nikakimbia mbele ya Presida, nikapiga magoti, nikateleza. (Ng'ombe zilikuwa zimepitia pale. Sisemi zaidi.) Luberizi wote wakaruka, wakaimba, wakaja kunikumbatia. Nikasema, aa, hawa ni watu wazuri, wanapenda mupira wa kweli.

Presida hakuruka.

"Weye," akasema polepole, "umefunga kipa wetu."

Nikageuka. Kipa wetu amekaa chini, glavu usoni.

"Mbona hamukunizuia?" nikawauliza vijana.

"Kocha, tuliwaza ni taktiki," akajibu Amani, beki wetu. "Ulitufundisha mambo ya Mudenmark hayaeleweki mara moja."

Yesu wangu! Nilitamani ng'ombe zirudi, zinichukue.

"Toka uwanjani," Presida akasema.

"Sitoki."

"Nasema toka!"

"Presida, nimeharibu minye, nitatengeneza minye. Nikitoka tunabaki kumi. Sitoki!"

Nikabaki. Nilikimbia, jamani! Kamba inakata tumbo, magoti yananuka, Luberizi wote wananipigia makofi kila ninapogusa mupira. Mwisho mwisho nikaupata pembeni. Safari hii nikaangalia. Nikaangalia goli, nikaangalia kipa, nikaangalia rangi ya jezi yake, nikaangalia tena. Ndipo nikainua mupira, Amani akaweka kichwa. Ndani! Moja kwetu, moja kwao. (Yote mawili yametoka mguuni mwangu, mukihesabu vizuri.)

Nimemwangalia yule Mudenmark miaka yote, na leo tu ndiyo nimemwelewa. Pale alipokuwa haangalii, alikuwa amekwisha kuangalia.

Filimbi ya mwisho ikalia. Presida akaja, akanitazama toka kichwani mpaka magotini.

"Hatukupoteza," akasema. "Utabaki kocha. Lakini hiyo kulote, nipe."

Nikaenda kubadilisha, nikamupa, pamoja na kamba yake.

Tulipokuwa tunapanda Fuso, Mama Furaha akaja mbio, beseni kichwani.

"Hapana, Mama," nikasema. "Minye ni wa Kilibula."

"Kwani hukutufungia goli?"

Fuso nzima ikalia kwa kicheko, nikapokea.

Sasa niko nyumbani. Mama Esta iko nje anatwanga mupunga, anaimba. Aliniuliza nimeutoa wapi, nikamwambia Luberizi wanamupatia mupunga mwenye kufunga goli. Amefurahi mno, ameita majirani wote waje kula na mufungaji. Tafadhali, mutakaokuja, kuleni mushibe. Lakini muntu asimwambie Mama Esta nilifunga upande gani.